Nusu Ukurasa

Simu iliita wakati watu wenye hasira wamejazana dirishani. Kazi ya mama mwenye simu ilikuwa kukaa nyuma ya kioo katika ofisi ya maji na kupokea malalamiko, na waliokosa maji walimgombeza yeye kana kwamba ndiye aliyefunga bomba kwa mkono wake. Kazini na mtaani wote walimwita Karani. Hata mumewe, akiwa na furaha, alimwita hivyo hivyo.

Aliiona namba, akainama chini ya meza kama anayeokota kalamu.

"Wewe ndiye yule mama aliyetuletea mswada wa riwaya?" sauti ya kijana ikauliza.

"Ndimi."

"Mhariri wetu amesoma maelezo yako, yale ya ukurasa wa mbele. Anasema hayamwambii kitu."

"Na mswada wenyewe je?"

"Hajaufungua, mama. Hapa miswada imejaa mpaka kwenye ngazi. Anasoma maelezo kwanza, yakimshika ndipo anafungua. Sasa sikiliza. Jumamosi tunawaita waandishi wachache, kila mmoja aje aseme kitabu chake mbele ya wahariri. Nusu ukurasa, isizidi. Anataka kujua mhusika wako ni nani, anataka nini, na nini kinamzuia. Utakuja?"

"Nitakuja," Karani akanong'ona.

Alipoinuka, msimamizi wake alikuwa amesimama nyuma yake. Mtu huyo alikuwa akitembea kimya kimya kama paka, na mkononi tayari alikuwa ameshika karatasi ambayo Karani alikuwa akiichorachora tangu asubuhi.

"Hii ni riwaya inayogusa maisha, mapenzi, usaliti, mateso na matumaini ya jamii yetu," msimamizi akaisoma kwa sauti ya mtangazaji, ili na watu wa dirishani wasikie. "Karani, hiki ni kitabu au risala ya mgeni rasmi?"

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja mbele ya foleni akasema, "Sisi hatuna maji ya kunawia uso, mwenzetu anatunga matumaini." Wakacheka zaidi. Karani naye akacheka kidogo, maana kukasirika kungekuwa kubaya zaidi, akaipokea ile karatasi, akainyoosha na kuipachika chini ya kibodi.

Kilichomuuma hakikuwa kicheko. Kilichomuuma ni kwamba msimamizi alikuwa amesema kweli. Wakati wa chakula hakwenda kula. Alijifungia katika chumba cha majalada ya zamani, akageuza fomu iliyoharibika, akajiuliza yale maswali ya kijana wa simu moja baada ya jingine. Nani. Anataka nini. Nini kinamzuia. Maneno yakaja haraka, kana kwamba siku zote yalikuwa yamepanga foleni yakingoja kuitwa. Alipomaliza akayasoma, akaifunika karatasi kwa kiganja.

Kwa miaka yote aliyoandika riwaya ile alikuwa akijiambia kwamba ameitunga. Alikuwa amebadilisha hiki, amehamisha kile, ameongeza watu na mvua na safari. Katika kurasa mia nne mtu anaweza kujificha. Katika nusu ukurasa hakuna pa kujificha, na mwenye maisha yale alikuwa analala chumba cha pili nyumbani kwake.

*

Mume wa Karani alikuwa fundi wa majokofu, na jina lake la kazi lilikuwa limemganda kama la mkewe. Fundi hakuwa amesoma hata sura moja ya mswada. Alisema atausoma ukiwa kitabu, kwani karatasi zisizofungwa zinamchanganya. Lakini alijivunia. Aliposikia habari ya simu, aliwasha taa zote za sebuleni na kuvuta viti kana kwamba wahariri wanakuja pale pale.

"Hebu njoo, dada," akaita. "Njoo usikilize, utuambie kama inaeleweka."

Dada yake mkubwa alitoka chumbani na koti lake la kazi begani. Alikuwa anapiga pasi shuka katika dobi kubwa linalohudumia hoteli, na alikuwa ameishi na mdogo wake tangu kabla Karani hajaolewa humo. Yeye na Karani waliitana wifi, na walipendana kama wanawake wawili waliochangia jiko moja bila kugombania sufuria. Akaketi, akatoa uzi na sindano, akaanza kushona kifungo cha koti.

"Haya wifi, tupe mambo," akasema.

Karani akatoa mkobani ile karatasi ya kwanza, ya asubuhi. "Hii ni riwaya inayogusa maisha..."

"Siyo hiyo," Fundi akamkatiza. "Ulisema mlangoni kwamba umepata mpya. Hiyo ndiyo tunayoitaka."

"Mpya haijakaa vizuri."

"Ndiyo maana tuko hapa." Akaiona fomu iliyogeuzwa ikichungulia mkobani, akaichomoa kwa mzaha, akasimama nayo katikati ya chumba. Karani alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Kuinyang'anya kungekuwa sawa na kueleza kilichomo.

Fundi akakohoa, akaanza kwa kishindo. "Mwanamke kijana anaamka alfajiri, anamfunika shuka binti yake wa miaka mitatu, na kuondoka katika nyumba ya mume anayempiga. Hamchukui mtoto." Akainua macho kwa mkewe, akatikisa kichwa kwa kusifu. "Anakwenda kuishi kwa mdogo wake wa kiume." Sauti ikapungua. "Anapata kazi ya kupiga..."

Akaishusha karatasi.

"Kupiga nini?" Dada akauliza. Sindano yake ilikuwa bado inakwenda.

"Kupiga pasi."

"Malizia."

"Dada, hii ni..."

"Mmeniita nisikilize. Malizia."

Fundi akamalizia kwa sauti ya mtoto anayesoma barua ya kufukuzwa shule. "Kwa miaka mingi hamtaji mtoto kwa mtu yeyote. Siku binti anapoolewa, mama anapata habari kwa watu baki. Sasa anataka kitu kimoja tu, kusamehewa. Lakini mama aliyemwacha mwanawe ana haki gani ya kuomba msamaha?"

Dada akafunga fundo, akakata uzi kwa meno, akakivuta kile kifungo kuona kama kimeshika.

"Mliniuliza kama inaeleweka," akasema. "Inaeleweka." Akalikunja koti, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango bila kuubamiza.

Walibaki wawili, taa zote zikiwaka.

"Ulijua unachokiandika?" Fundi akauliza.

"Nilijua."

"Mambo ya dada yangu nilikuambia mimi na wewe tukiwa wawili, kama mume na mke. Sikukuambia ukayatandaze sokoni."

"Hakuna jina lake humo."

"Nilihitaji jina kumjua?" Akaiweka karatasi mezani taratibu. "Mimi sikuwa nimefika hata katikati."

*

Asubuhi Dada alimsalimia Karani kwa heshima zote, akamuuliza ameamkaje, akamsogezea kikombe. Ilikuwa heshima ya kumpa mgeni, na Karani alitamani atukanwe. Fundi alikunywa chai amesimama. Mlangoni akasema bila kugeuka, "Jumamosi usiende. Au uende na kitu kingine."

Basi Karani akajaribu kitu kingine. Siku nzima dirishani, kati ya mlalamikaji na mlalamikaji, aliyabadilisha yale maneno. Binti akawa mvulana. Pasi ikawa cherehani. Mdogo wa kiume akawa shangazi mjane. Mume anayepiga akawa mume aliyepotea safarini, na hapo mwanamke hakuwa tena na sababu ya kuondoka alfajiri, ikabidi naye atafutiwe sababu nyingine. Kila alipokarabati upande mmoja, upande wa pili ulilegea. Jioni akaisoma yote na kusikia sauti ya msimamizi: risala ya mgeni rasmi.

Angeweza kuacha. Alilifikiria hilo njiani kwa dhati, na akagundua kwamba hata akiacha, mswada upo, nakala yake ya pili imelala chini ya kitanda, na Dada anajua upo. Alipofika nyumbani aliutoa ukiwa katika bahasha nene, akaubeba kwa mikono miwili mpaka mlango wa chumba cha pili, akabisha hodi.

"Wifi, hiki ndicho chenyewe. Usome. Ukisema nisiende, siendi."

Dada alikuwa ameketi kitandani akijipaka mafuta ya mikono. Pasi za dobi zilikuwa zimemkausha viganja vikawa kama karatasi. Akaitazama ile bahasha nene.

"Umeshaandika kila kitu. Usipokwenda, mimi nitapona nini?"

Karani aliikumbatia bahasha. Alidhani mlango utafungwa. Lakini Dada alisogea kidogo kitandani, akapiga godoro kwa kiganja kuonyesha bahasha iwekwe hapo.

*

Dada alikwenda na mswada kazini na kurudi nao. Aliusoma wakati wa mapumziko, kwenye ngazi za nyuma ya dobi, na nyumbani aliusoma akila. Fundi aliacha kutengeneza jokofu la jirani lililokuwa uani, akawa anazungukazunguka na bisibisi mfukoni. Karani alichunguza uso wa wifi yake kila alipogeuza ukurasa, asiambulie kitu. Alikuwa amengoja miaka apate mtu wa kumsoma, na sasa amempata, hamezi chakula.

Ijumaa alasiri Dada alimkuta uani akianika nguo. Akaiweka bahasha juu ya kigoda, akachukua shuka kutoka kwenye beseni, akashika ncha mbili, Karani akashika mbili, wakalikung'uta.

"Nimemaliza," Dada akasema.

"Eeh."

"Nilitaka kukichukia. Kuna pale mwanamke anapokunja shuka za hoteli na kujiuliza nani kazilalia, kama walikuwa na mtoto katikati. Sijawahi kumwambia mtu hayo. Uliyajuaje?"

"Sikuyajua. Nilikuwa nakuona unavyokunja."

Dada akalitupia shuka kwenye kamba, akalivuta likanyooka. "Basi kitabu kiko sawa. Hata pale ulipokosea, umekosea kwa kunitakia mema. Lakini kile kikaratasi kinasema uongo."

"Uongo gani?"

"Kwamba nataka kusamehewa. Nani kakuambia? Ningebaki mle ningetolewa nimebebwa. Siombi msamaha kwa kuwa hai." Alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini, lakini mikono yake ilikuwa imelikamata lile shuka kama linataka kukimbia. "Na mimi nilirudi."

Karani akaacha vibanio.

"Nilirudi kumchukua. Sikukawia hata mwezi. Niliomba ruhusa kazini, nikasema naumwa, nikaenda. Nilijua baba yake hayupo mchana. Nikafika mpaka mlangoni, nimeshanyanyua mkono nibishe. Nikamsikia ndani." Akalivuta tena lile shuka. "Ungedhani alikuwa analia. Ningemsikia analia, ningeuvunja ule mlango. Alikuwa anacheka, wifi. Bibi yake alikuwa anamchezesha kitu, sijui nini, naye anacheka mpaka anakwama. Mimi sikuwa na chumba, nilikuwa nalala sakafuni kwa mdogo wangu, yeye mwenyewe hana kitu. Nikasimama pale mkono juu. Halafu nikaushusha."

Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye nguo. Karani alitaka kumshika, akaona si wakati wake.

"Mume wangu anajua?"

"Hajui. Hajui mtu." Dada akaokota kibanio na kukibana mahali pake. "Kesho nenda. Kasome. Uondoe huo msamaha wako, mengine sawa. Lakini hili la mlangoni usilitie. Hilo la kwangu."

"Sitalitia."

Alisema kwa moyo wote. Na papo hapo, akiwa bado ameinamisha kichwa, akaona wazi lingekaa mstari wa ngapi, na jinsi nusu ukurasa wote ungesimama wima kama lingewekwa pale. Akaona aibu, akachukua nguo nyingine.

*

Waandishi walikuwa wameketi kwenye benchi katika ukumbi mwembamba, kila mtu amekumbatia karatasi zake, hakuna anayemtazama mwenzake. Mwanamume aliyetangulia alitoka akijifuta uso, akasema bila kuulizwa, "Wamenikatisha kwenye sentensi ya pili." Kisha Karani akaitwa.

Wahariri walikuwa watatu nyuma ya meza ndefu. Mkuu wao alikuwa mama mtu mzima, miwani yake inaning'inia shingoni kwa uzi. Mswada wa Karani ulikuwa mbele yake, bado umefungwa kwa utepe ule ule aliouleta nao.

Karani alisoma. Alipofika mwisho, mahali pa msamaha alikuwa ameandika: "Anataka kitu kimoja, na hana mtu wa kumwambia."

Mhariri mkuu aliweka kalamu chini. "Hii siyo ile uliyotuletea kwanza."

"Siyo."

"Ile sikuimaliza. Hii imenifanya nimwone mtu." Akavaa miwani. "Sasa nijibu swali moja, kwa sababu ndilo litakaloulizwa na kila msomaji. Mwanamke huyu anapata kazi, anapata pa kulala. Kwa nini harudi kumchukua mtoto?"

Mhariri kijana wa upande wa kushoto aliinua kalamu, tayari kuandika. Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi, halikuhitaji hata nusu ya nusu ukurasa, na Karani alijua hakika kwamba likitoka, utepe ule utafunguliwa. Nani angejua? Wangesema mwandishi ana akili ya ajabu.

"Sijui," akasema.

Kijana akatabasamu. "Mama, wewe si ndiye umeandika?"

"Ndimi."

"Kurasa zote hizi, na hilo hulijui?"

"Silijui."

Walimtazama kama anavyotazamwa dirishani anapowaambia watu kwamba hajui maji yatatoka lini. Mhariri mkuu peke yake hakuwa na uso wa kucheka. Alimkazia macho mpaka Karani akayainamisha yake.

"Mimi nadhani unalijua," akasema kwa upole. "Lakini sitakuvuta ulimi. Ukiweza kulisema, urudi, nitakufungulia mlango mwenyewe. Bila hilo nitakuwa nawauzia watu nyumba isiyo na paa." Akausukuma mswada kwa vidole viwili, ukateleza mezani mpaka upande wa Karani.

*

Fundi alikuwa kizingitini. Tangu ile jioni alikuwa hajamwambia mkewe maneno yasiyo ya lazima. Alipouona mzigo chini ya kwapa lake alielewa, akaupokea, akauingiza ndani bila kuuliza. Dada alikuwa sebuleni, amevaa nguo za kutokea ingawa hakuwa na safari.

"Walisemaje?"

"Walipenda. Halafu wakauliza swali." Karani akavua viatu. "Waliuliza kwa nini hakurudi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema sijui."

"Na ungewaambia?"

Karani angeweza kusema uongo mdogo wa kumpunguzia mwenzake mzigo. Alikuwa amechoka mno. "Wangekichukua," akasema.

Fundi aliwatazama kwa zamu. "Kurudi wapi? Nani alirudi?"

Wanawake walitazamana. Kisha Dada akasema, "Kaa chini, mdogo wangu," akamweleza mambo ya mlangoni kama alivyoyaeleza uani, kwa maneno karibu yale yale. Fundi alisikiliza mpaka pale aliposikia habari ya kulala sakafuni kwake. Hapo aliweka kiganja usoni na kukiacha huko. "Si ungeniambia," akawa anasema. "Si tungekwenda wote."

"Ulikuwa kijana mdogo wewe," Dada akasema. Akaitoa simu mfukoni, akamgeukia Karani. "Namba yake ninayo. Shangazi yake alinipa mwaka ule wa harusi. Sijawahi kuipiga. Huwa naanza kumwandikia, naeleza, naeleza, mpaka najichosha mwenyewe, nafuta. Wewe umejifunza kusema kwa kifupi."

Karani akaja kuketi karibu naye, akaichukua simu. "Unataka nini kutoka kwake?"

"Ajue nilirudi."

"Akusamehe? Aje?"

"Ajue nilirudi, basi. Akitaka kunitupa, anitupe akijua."

Karani akaanza kuandika: mwanangu mpendwa, natumaini ujumbe huu utakukuta. Dada aliyekuwa akichungulia begani akasema, "Ondoa hayo. Yeye hanijui, atanipendaje na mimi nitampendaje mstari wa kwanza." Wakaondoa. Wakaweka sababu za kuondoka, wakaziona ni nyingi, na ni za baba yake, wakaziondoa. Fundi alipendekeza waseme jinsi alivyoteseka. "Hapana," wanawake wakasema pamoja. Mwisho yakabaki haya:

"Mimi ni mama yako. Nilirudi kukuchukua, nikafika mpaka mlangoni. Nilikusikia ukicheka na bibi yako, nikaondoka. Nilitaka ujue."

Dada akausoma akisogeza midomo. Akabonyeza mwenyewe, akaiweka simu mezani, akasimama, akaketi tena. Fundi alikwenda kuchemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Walimsikia akifungua na kufunga makabati. Nje watoto wa jirani waliitwa kuoga, wakabishana, wakaenda. Dada alikuwa akijisugua viganja, na kila gari lililopita njiani alilisikiliza mpaka likapotea.

Simu ilipotikisika juu ya meza, hakuna aliyeigusa. Kisha Dada akaigeuza kwa kidole kimoja. Lilikuwa neno moja tu.

"Anauliza lini," akasema.

"Unakumbuka?" Karani akauliza.

Dada akaitaja siku, tarehe, mwezi na mwaka, bila kufikiri, kama mtu anayetaja jina lake. Karani akaivuta simu karibu ili aandike.

"Nipe," Dada akasema, mkono wake umenyooka. "Hiyo nitaandika mwenyewe."